Baruti, Fataki na Shabaha katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Aitazamaye bunduki iliyotundikwa ukutani huona chuma na mti, akastaajabia urefu wa mtutu na uzuri wa kitako, wala hazingatii kwamba chombo kile hakina hukumu yoyote mpaka kitiwe kiasi chake, yaani baruti ya kusukuma, risasi ya kusukumwa, na cheche ya kuviamsha vyote viwili. Nimeisoma kwa muda mrefu historia ya mwambao wetu wa kusini, tangu Kilwa Kisiwani na Kivinje hata Lindi, Sudi na Mikindani, na kila nilipofika kwenye vita nimeona kwamba bunduki zilikuwapo pande zote, na kwamba ushindi ulielekea kwa yule aliyeweza kuijaza tena silaha yake baada ya kuipiga, na aliyekuwa na baruti ya ziada hata akaweza kuiteketeza kwa kujifunza shabaha.

Kujaza na kulenga ni mambo mawili yasiyotengana. Mtu hajui kulenga kwa kuambiwa. Hujua kwa kupiga, na kukosa, na kupiga tena, mpaka jicho, kidole na pumzi vipatane. Basi mwenye baruti haba huiweka kwa siku ya hatari, na siku ya hatari inapofika humkuta hajui kulenga. Hilo ndilo jambo ninalotaka kulifuatia hapa, kwa kuwa naamini kwamba mengi yaliyowapata watu wa Kilwa na Lindi hayaeleweki sawasawa pasipo kulijua.

Mizinga ya Wareno, 1505 hadi 1512

Baruti ilijulisha ukali wake Kilwa Kisiwani tarehe 24 Julai 1505, siku ambayo Francisco d'Almeida alishusha askari wake pwani chini ya kinga ya mizinga ya merikebu, akauteka mji na kuupora, na Amiri Ibrahimu akakimbilia bara. Wareno walijenga ngome, wakakaa humo miaka michache ya homa na hasara, na mwaka 1512 wakaondoka. Biashara ya dhahabu ya Sofala, ambayo ndiyo iliyokuwa uhai wa Kilwa, ilikuwa imekwisha kupotozwa njia yake, na mji ule ambao Ibn Battuta aliusifu alipoufikia mwaka 1331 haukurudia tena daraja yake ya zamani. Mizinga ile ilikuwa mali ya merikebu, ikaja nazo na kuondoka nazo. Ilipita karne nyingine na zaidi kabla ya bunduki ya mkononi kuwa kitu cha kawaida kwa watu wa pwani hii.

Zama za gobori, 1776 hadi 1888

Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa aliandikiana mkataba na Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice, wa kumpatia watumwa elfu moja kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Ni mkataba wa kuhuzunisha, na ni haki kuutaja kwa jina lake, kwani biashara hiyo ya kuuza binadamu ndiyo iliyofungua mlango mpana ambao bunduki na baruti zilipitia kuingia kusini. Muda si mrefu Waomani wakaishika Kilwa, na katika karne iliyofuata soko likahama kisiwani likaja Kilwa Kivinje, mji wa bara ulioinuka kwa misafara ya Wayao na wengineo waliotoka pande za Ziwa Nyasa na pembe na watumwa, wakarudi na nguo, shanga, bunduki na mapipa ya baruti.

Katika mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na ndani yake mna sharti moja ambalo wasomaji wengi hulipita bila ya kulitua macho: kwamba bunduki, baruti na risasi zisiuzwe katika kisiwa cha Unguja ila kwa serikali tu, lakini katika bandari nyinginezo za Sultani ziuzwe bila ya kizuizi kwa yeyote atakayetoa bei kubwa. Mtawala alijihadhari na silaha mlangoni pake, akaziacha zimwagike katika milango mingine, na miongoni mwa milango hiyo ilikuwamo ya mwambao wa kusini.

Bunduki za awali zilikuwa za mrao, ambazo ziliwashwa kwa utambi. Zikafuata za gumegume, zilizotoa cheche kwa jiwe. Kisha zikaja za fataki, ambazo nyundo yake hupiga kikopo kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka. Zote zilijazwa kwa mdomo wa mtutu, na kwa hiyo watu wakaziita kwa jumla magobori. Mwenye gobori alimimina baruti kutoka katika pembe, akatia kizibo cha nyuzi au kitambaa, akashindilia kwa mdeki, akatia risasi, akashindilia tena, ndipo akaitengeneza cheche. Risasi alizimimina mwenyewe katika kalibu kwa madini yaliyoyeyushwa mekoni, na alipozikosa alitumia vipande vya chuma. Baruti ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, na iliyoletwa kwa ajili ya biashara ilikuwa ya chembe nene na mara nyingi hafifu; nayo ina uadui wa tabia na unyevu, hata mvua ya masika iliweza kuiharibu pembe nzima pasipo adui kutokea.

Kwa hiyo kila mwenye gobori alikuwa karakana ya nafsi yake. Alijua kwa mkono wake kipimo kilichomfaa mnyama na kilichofaa kuwakaribisha wageni, kwa kuwa misafara ilipoingia mjini ilipiga bunduki hewani kwa furaha, na sherehe kubwa hazikupita bila ya mlio. Huo ulikuwa uhuru, lakini uhuru wenye mpaka, kwa sababu mtutu wa gobori ni laini ndani, risasi yake hugongagonga kuta ikatoka bila ya mwelekeo thabiti, na mtu akiwa mbali kupita hatua mia, kumpata ni bahati zaidi ya ustadi. Aidha ujazaji ulichukua muda mrefu, na katika muda huo mpiganaji alikuwa hana silaha ila panga lake. Wawindaji wa tembo walioishi kwa kazi hii walipata shabaha ya kweli kwa kumsogelea mnyama mpaka karibu sana. Wengine wote walijua kufyatua tu.

Wingi wa silaha hizo ulikuwa wa kutisha. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza katika Unguja alikisia kwamba bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia katika Afrika ya Mashariki kila mwaka, nyingi kati yake zikiwa masalio ya majeshi ya Ulaya ambayo yalikwisha kupata kitu kilicho bora.

Ganda la shaba, 1888 hadi 1899

Kitu hicho kilicho bora kilikuwa ganda la shaba. Ndani ya ganda moja mafundi wa Ulaya na Marekani walikusanya fataki, baruti na risasi, vikawa kitu kimoja kinachotiwa kwa nyuma ya mtutu kwa dakika moja mara nyingi, na unyevu usiweze kuvifikia kwa wepesi. Bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ambayo ndiyo waliyopewa askari wa Wadachi, yaani Wajerumani, katika nchi hii, ilikuwa na mdomo wa milimita 11 na mifereji ya kuzunguka ndani ya mtutu, nayo mifereji huizungusha risasi hata ikaenda mbali kwa unyofu. Lakini pamoja na nguvu hizo ilikuja tegemeo jipya. Mwenye gobori alihitaji pipa la baruti na kipande cha madini. Mwenye Mauser alihitaji ganda lenye kipimo halisi na fataki iliyotoshea pale pale, na vitu hivyo havikutengenezwa mahali popote baina ya Ruvuma na Pangani. Tangu siku hiyo bunduki ilifungwa kamba na merikebu.

Mnamo Agosti 1888 kampuni ya Wadachi iliuchukua utawala wa pwani kwa mkataba na Sultani wa Unguja, na mwezi uliofuata watu wa Kilwa na wageni wenye silaha kutoka bara wakaikataa. Maofisa wawili wa kampuni, Krieger na Hessel, waliuawa Kilwa Kivinje, na waliokuwa Lindi na Mikindani wakaokoka kwa kukimbilia baharini. Kwa muda wa mwaka na nusu pwani ya kusini ilijitawala. Mwezi wa Mei 1890 Hermann von Wissmann akaja na merikebu za vita na askari wa kukodiwa, wengi wao Wasudani, akaipiga Kilwa kwa makombora, kisha katika siku chache akaingia Lindi na Mikindani.

Mwezi wa Julai mwaka huo huo lilitiwa saini jambo jingine mbali sana na hapa, ambalo kwa hukumu yangu lilikuwa na uzito usiopungua ule wa mizinga ya Wissmann. Mkataba wa Brussels, uliokusudiwa kukomesha biashara ya watumwa, ulikataza kupelekwa Afrika, baina ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya Ikweta, bunduki zenye mifereji na zote za maganda ya shaba, isipokuwa kwa ajili ya serikali na watu wachache wenye idhini. Yaliyoruhusiwa, nayo kwa kutoka katika maghala ya serikali, ni magumegume na baruti ya biashara. Kwa kalamu moja nchi za Ulaya ziligawa zama mbili za silaha katika nchi moja: zama zilizopita zikabaki kwa wenyeji, na zama mpya zikawa za watawala.

Hassan bin Omari Makunganya, aliyekuwa na nguvu katika bara ya Kilwa, aliushambulia mji wa Kivinje mwaka 1894, akarudishwa nyuma. Mwaka uliofuata akakamatwa, akanyongwa Kivinje katika mwembe ambao watu waliendelea kuuita Mwembe Kinyonga. Machemba, Myao wa uwanda wa Wamakonde, alidumu zaidi, kwani vichaka vya uwanda ule huondoa faida ya bunduki ya masafa, na anayepiga kwa hatua ishirini kutoka kichakani hahitaji mifereji ndani ya mtutu wake. Alizishinda safari kadhaa za Wadachi, na hata mwaka 1899, alipoona kwamba hawezi tena, alivuka kwenda Msumbiji na hakuinama.

Maji na risasi, 1905 hadi 1907

Mambo ya Julai 1905 yanajulikana kwa kila mtoto wa shule: jinsi Wamatumbi wa Nandete, katika wilaya ya Kilwa, walivyoing'oa pamba ya kulazimishwa, na jinsi Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alivyowapa watu maji ya dawa, wakaamini kwamba risasi za Wadachi zingegeuka maji. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mapema mwezi wa Agosti, nazo habari za maji yake zilikuwa zimekwisha kuenea mbali kupita mkono wa mnyongaji. Sheikh Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliviandikia vita hivyo utenzi mrefu, na kwa ajili hiyo pwani ya kusini ina ushahidi wake wenyewe, uliotoka katika kalamu yake yenyewe.

Husemwa mara kwa mara kwamba watu wale walidanganyika. Mimi siridhiki na neno hilo. Tufikiri hali yao kwa upande wa silaha: walikuwa na magobori, lakini baruti ilikuwa chini ya ufunguo wa serikali, fataki zilikuwa adimu, na nguruwe-mwitu waliharibu mashamba kwa kuwa sheria za uwindaji na upungufu wa baruti viliwanyima watu njia ya kuwafukuza. Mbele yao palikuwa na askari ambaye ganda lake halikuisha, aliyefundishwa shabaha kwa amri na kwa risasi za serikali, na nyuma yake bunduki ya mfululizo ambayo watu waliiita bombomu. Watu walionyimwa kujaza wala kujifunza kulenga walitafuta jambo moja ambalo lingevunja nguvu ya risasi yenyewe, wakalipata katika imani, na imani hiyo iliyaunganisha makabila ambayo hayakuwahi kuunganishwa na kitu chochote kabla yake. Boma la Liwale lilianguka mikononi mwao mwezi wa Agosti. Lakini tarehe 30 ya mwezi huo, huko Mahenge, maelfu walikwenda wima mbele ya bombomu, na hapo ikaonekana ya kwamba risasi haikugeuka maji.

Vita vilipokwisha mwaka 1907, njaa iliyotengenezwa kwa kuchoma maghala na mashamba ilikuwa imeua wengi kuliko risasi. Wanahistoria wetu wamekisia jumla ya waliokufa kuwa baina ya 250,000 na 300,000. Serikali ilikusanya magobori kwa kila jumbe aliyesalimu amri, na mapori ya Kilwa na Liwale yakarudi kwa tembo na nguruwe.

Risasi zilizolowa chumvi, 1914 hadi 1916

Sasa tunafika mahali ambapo mambo yalipinduka, na watawala nao wakaonja hali waliyowaonjesha wengine. Paul von Lettow-Vorbeck alipofika Dar es Salaam mwezi wa Januari 1914 kuongoza jeshi la Wadachi, alikuta kampuni 14 za askari, na nyingi zikiwa bado zina Mauser ya mwaka 1871, yenye baruti ya moshi. Wafaransa walikuwa wamekwisha kuvumbua baruti isiyo na moshi tangu mwaka 1884, kwa kazi ya Paul Vieille, na majeshi ya Ulaya yote yalikwisha kuiacha ile ya zamani. Lakini palikuwa na rai miongoni mwa maofisa kwamba bunduki nzito ya moshi ndiyo imfaayo askari mweusi. Rai hiyo iligharimu roho nyingi, maana kila askari aliyepiga alijitangaza mahali alipo kwa wingu jeupe juu ya kichwa chake.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Waingereza waliifunga bahari, na kamba niliyoitaja ikakatika. Mwezi wa Aprili 1915 merikebu Rubens, iliyojificha kwa jina la Kidenmark, ilijaribu kupenya na shehena ya bunduki na risasi. Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliiona karibu na Tanga, ikaifukuza hadi ghuba ya Manza. Nahodha akaizamisha kwa makusudi katika maji mafupi, shehena ya juu ikaungua, na Waingereza wakaondoka wakidhani kwamba yote yameteketea. Wapiga mbizi wakashuka, wakaokoa sehemu kubwa. Lakini maji ya chumvi yalikuwa yamepenya ndani ya maganda, na siku zilivyopita ndivyo risasi zisizolipuka zilivyozidi.

Ndipo likafanywa jambo ambalo katika historia yote ya baruti katika nchi hii sijaona mfano wake. Pande za Moshi, kwa muda wa miezi, askari, wanawake na watoto wote waliopatikana waliwekwa chini kuifanya upya shehena hiyo: wang'oe risasi kutoka katika ganda, wamwage baruti na kuisafisha, wasugue ganda, watie fataki mpya pale ambapo ya zamani imekufa, kisha wajaze na kufunga tena. Fataki zilizokuwako nchini hazikuwa za namna moja na zile zilizotoka Ulaya, na anayeijua kazi hii atafahamu taabu yake, kwani kutoshea kwa fataki katika tundu lake ni jambo la unywele. Ikikaa juu mno huweza kulipuka mkononi, ikizama mno nyundo haiipati. Kazi ambayo mwenye gobori wa Matumbi aliifanya peke yake kwa pembe na mdeki, sasa ilifanywa na mamia ya mikono kwa ajili ya silaha za kisasa, na serikali iliyokuwa imeficha baruti chini ya ufunguo ikawa inawaomba watoto wa nchi waiokoe chembe kwa chembe.

Risasi hizo zilichambuliwa kwa mafungu. Zile nzima za tangu zamani ziliwekewa bunduki za mfululizo peke yake. Katika zile zilizofanywa upya, mafungu ambayo katika kila risasi mia yalikuwa na ishirini hivi zisizolipuka yalipelekwa vitani. Na yale mabovu zaidi yalitumiwa kwa kufundishia shabaha. Nataka msomaji atue hapa. Askari anayelenga bila ya kujua kama bunduki italia au haitalia, hufichuliwa hofu yake na risasi mbovu: nyundo inapoanguka na mlio usitoke, mtutu uliotulia hubaki palepale, na mtutu wa mwoga huonekana ukiinama mbele ya macho ya mwalimu. Walimu wa bastola wa siku hizi huchanganya kwa makusudi risasi bandia na za kweli ili kupata faida hiyo hiyo. Uhaba uliwafundisha watu wa 1915 jambo ambalo wingi haukuwafundisha.

Mwezi wa Machi 1916 pwani ya Lindi yenyewe iliingia katika habari hii. Merikebu Marie, chini ya nahodha Sörensen, ilipenya kizuizi na kutia nanga katika ghuba ya Sudi, mahali penye kina na maficho ya mikoko, kusini ya mji wa Lindi. Waliopakia shehena walikuwa wamejifunza kwa makosa ya Rubens: mizinga, bunduki na mamilioni ya risasi vilikuwa vimefungwa katika mizigo ya kiasi cha mtu mmoja kubeba, na vikavu. Wapagazi wa pande hizo walikusanywa, wakaibeba shehena ile kichwani kwa mamia ya maili kwenda kaskazini. Manowari za Waingereza zilikuja Sudi mwezi wa Aprili, zikaipiga Marie. Nayo ikaziba matundu yake, ikatoroka usiku, ikafika Batavia. Vitabu huisifu sana safari hiyo ya nahodha, na kweli ilikuwa ya ushujaa; lakini wapagazi wa Lindi, ambao bila ya vichwa vyao risasi hizo zingebaki mchangani, hawakuandikiwa hata majina.

Mahiwa, 1917

Risasi za Sudi zilirudi kupigwa karibu na Sudi. Mwaka 1917 Waingereza walisukuma kutoka Kilwa na kutoka Lindi kwa pamoja. Mwezi wa Julai palikuwa na vita vikali Narungombe, na kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba, Mahiwa na Nyangao, katika bonde la Lukuledi, palipiganwa vita vikubwa vyenye umwagaji mwingi wa damu. Waingereza, ambao wapiganaji wao wengi walikuwa Wanijeria na askari wa King's African Rifles, walipoteza watu zaidi ya 2,000 kwa kufa na kujeruhiwa. Kwa hesabu ya uwanja Lettow-Vorbeck alishinda. Kwa hesabu ya maganda alikwisha, kwa kuwa ghala lake lilibaki karibu tupu, na hapakuwa tena na Moshi ya kusafishia risasi wala merikebu ya kuleta nyingine.

Tarehe 21 Novemba chombo cha angani L59 kiliondoka Bulgaria kikielekea uwanda wa Wamakonde, kikiwa na tani 15 hivi za vitu, na ndani yake zaidi ya risasi laki tatu. Kilifika juu ya Sudani, magharibi ya Khartoum, kikaitwa kirudi. Siku zile zile Lettow-Vorbeck aliwaacha nyuma wagonjwa wake na wengi ambao hakuwa na risasi za kuwapa, na tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma, akaishambulia kambi ya Wareno Ngomano. Humo akapata bunduki na risasi tele, akazitupa Mauser za 1871, na jeshi likajengwa upya kwa ghala la adui.

Shabaha kama mchezo

Vita vilipopita, mapori yaliyoachwa wazi yakawa hifadhi ya Selous mwaka 1922, ikipewa jina la mwindaji aliyeuawa Beho Beho mwezi wa Januari 1917, mtu ambaye katika ujana wake aliwinda tembo kwa bunduki kubwa ya kushindilia, akichota baruti mfukoni kwa mkono. Chini ya Waingereza gobori liliendelea kwa cheti, likilinda mihogo na mpunga dhidi ya nguruwe na nyani. Na hata leo, chini ya sheria ya mwaka 2015 inayosimamia silaha na risasi, mwenye kuunda silaha au risasi bila ya idhini huwa mkosaji.

Kwingineko kujaza maganda kulichukua njia nyingine. Katika Marekani, John Barlow alianzisha kiwanda chake cha zana za kujazia mwaka 1884, na katika miaka hiyo hiyo vikosi vya jeshi la nchi hiyo vilipewa vyombo vya kujazia maganda yaliyokwisha kupigwa, kwa sababu serikali ilitaka askari wapige shabaha mara nyingi zaidi ya fedha iliyokuwapo. Ganda la shaba halifi kwa mlio mmoja. Likinyooshwa na kutiwa fataki, baruti na risasi, hupiga tena mara nyingi. Fataki iliyobuniwa na Edward Boxer, Mwingereza, katika mwaka 1866, hung'oka kwa sindano moja katikati. Ile ya Hiram Berdan, Mmarekani wa wakati huo huo, ni ngumu kutoa. Na kwa mzunguko wa ajabu Wamarekani walifuata ya Mwingereza, na majeshi mengi ya Ulaya yakafuata ya Mmarekani, hata kujaza upya kukawa desturi ya nyumbani upande mmoja wa bahari na nadra upande wa pili.

Ustadi huo ndio uliozaa mashindano ya bastola ya siku zetu. Bastola ilikuwamo katika Olimpiki tangu Athens 1896, kwa kusimama na kulenga mduara kwa utulivu. Mwaka 1976, mjini Columbia katika jimbo la Missouri, Jeff Cooper na wenzake waliunda shirikisho la namna nyingine, ambamo mshindani huenda mbio kutoka shabaha hadi shabaha, akihesabiwa wakati na usahihi kwa pamoja. Ili asiwepo atakayejirahisishia kwa risasi dhaifu, waliweka kipimo: uzito wa risasi huzidishwa kwa mwendo wake, na zao lake likipungua kima kilichowekwa mshindani hukosa haki. Kwa hiyo mshindani hodari hujaza maganda yake mwenyewe, akipima baruti kwa mizani ndogo mpaka ifikie kima na isikizidi sana, kwani kila kilichozidi huurusha mtutu juu na kumchelewesha. Anapiga maelfu kwa mwaka ili apige mamia siku ya mashindano, na kama angenunua zote dukani mchezo ungebaki kwa matajiri peke yao. Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kuandaa mashindano ya bastola ya namna hii katika uwanja wa Kirigiti, Kiambu.

Kwetu Tanzania, shabaha ya ushindani imekaa zaidi katika majeshi. Baraza la Michezo ya Majeshi, BAMMATA, huiweka shabaha pamoja na mpira, ngumi na riadha, na askari wa Jeshi la Wananchi, polisi na magereza hushindania vikombe. Nalo Shirika la Mzinga, Morogoro, lililoanzishwa katika miaka ya sabini, huunda risasi ndani ya nchi, jambo ambalo Hassan bin Omari na Machemba hawakulipata. Kijana wa Kilwa Kivinje au wa Sudi anayependa kulenga leo hupata risasi zake kwa kuingia katika sare, jeshini, katika polisi au katika askari wa wanyamapori wa mapori yale yale ya Liwale, na humo hufundishwa kusimama, kupumua na kubonyeza bila ya kushtuka, kwa risasi zilizoundwa Morogoro na kulipiwa na hazina ya taifa lake.